Udongo Ulionukia Harusi

Shangazi yangu wa Ngamiani hakuwa mtu wa kutishwa na digrii. Niliporudi kutoka chuo kikuu, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa nimevaa koti la sufi ambalo kwa joto la Tanga lingeweza kumpika mtu akiwa ndani yake, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza nimesomea nini. Nikasema kemia. Akauliza inatibu nini. Nikamweleza kwamba haitibu kitu. Ni elimu ya vitu vilivyomo ndani ya vitu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali, kisha akasema, "Haya, kaa ule, mwanangu. Umekonda."

Nilipata kazi katika kituo cha utafiti wa mkonge, nje kidogo ya mji. Mkuu wangu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mkimya, ambaye vibarua walimwita Bwana Udongo kwa sababu kila alikokwenda alirudi na udongo mifukoni. Alikuwa na jambo moja tu lililomkosesha usingizi, nalo ni nta.

Kila jani lina nta. Ukipitisha kidole juu ya jani la mkonge utaona unga mweupe umekushika. Ule ndio nta. Ndiyo inayofanya tone la maji libingirike juu ya jani la mgimbi bila kulilowesha. Jani likianguka linaoza, lakini nta yake haiozi upesi. Inabaki udongoni hata mti wenyewe ukishasahauliwa na waliokuwa wakipumzika kivulini mwake. Bwana Udongo aliamini kwamba ukiuchemsha udongo katika spiriti na dawa nyingine kali, nta ile itatoka, na kwamba siku moja, kwa kuipima tu, watu wataweza kujua kama mahali penye mkonge leo palikuwa na msitu zamani au mbuga ya nyasi, kama mvua zilikuwa nyingi au chache. Maneno "siku moja" aliyatamka kwa mkazo kila mara. Mimi niliyaacha kazini kila jioni, kama wenzangu walivyoacha ovaroli zao.

Ndiyo maana jioni moja, nikiwa nimeketi ukumbini kwa shangazi, nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa na majirani, "Udongo hausahau, shangazi. Mti ukishaota mahali, sisi tunaujua hata ukiwa umekufa zamani."

Shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Hausahau?"

"Kamwe."

"Hata mnazi?"

"Mnazi ndio kabisa," nikasema, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kupima udongo wa mnazi hata kijiko kimoja.

Akaifuta mikono yake kwenye kanga, taratibu, akanieleza habari za shamba la Mwera.

Nilikuwa nazijua nusu. Babu yangu, yaani baba yake, alikuwa na kipande cha ardhi kule Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Alipanda minazi, na shangazi alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akiibebea maji miche wakati wa kiangazi. Babu alipofariki minazi ikaingiwa na chonga, wale wadudu wanaotoboa kilele. Ikafa mmoja baada ya mwingine, mchwa wakamaliza visiki, na mahali pale pakarudi kuwa majani na vichaka. Sasa jirani wa shamba hilo alikuwa ameanza kufyeka. Alidai kwamba pale palikuwa pori tangu dunia iumbwe, na pori ni la anayelifyeka. Lakini desturi ya kwetu ni hii: aliyepanda minazi ana haki mahali pale, na watoto wake baada yake, asiyepanda ana maneno tu.

Jirani mwenyewe alikuwa mzee wa mbata. Alinunua nazi, akazikausha, akaziuza kwa wakamuaji, na kutoka Pangani mpaka Moa alisifika kwa pua yake. Ilisemwa kwamba ukimpa tone la mafuta ya nazi alinuse, atakuambia limetoka shamba la nani na kama mwenye shamba ni mvivu. Yeye na shangazi walikuwa watani kwa upande wa bibi, kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa wa adabu sana na matusi mengi.

Jumbe wa kule alikuwa amewasikiliza wote wawili. Akamwambia shangazi alete shahidi aliyeiona ile minazi kwa macho yake. Asipompata kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, shamba litakuwa la mfyekaji.

"Nimlete nani?" shangazi akaniuliza. "Wote waliokuwa watu wazima wamekwisha kufa. Aliyebaki hai anayejua ni yeye mwenyewe mzee wa mbata, alikuwa kijana akija na baba yake kununua nazi. Nikimwuliza ananiambia, 'Mtani, uzee umenichukua, sikumbuki.' Bei ya mbata ya kabla ya vita anaikumbuka!"

Akachukua tena kifuu chake. "Sasa wewe umesema udongo haukumbwi na uzee. Basi na uje utoe ushahidi."

Mtu mwenye busara angesema maneno ya Bwana Udongo: siku moja, shangazi, bado. Mimi nilisema, "Leteni udongo."

Nilitoa maagizo ya kitaalamu. Shimo lichimbwe katikati ya shamba, mbele ya jumbe na watu. Udongo ugawanywe mafungu mawili sawa, moja alilete shangazi na lingine alilete mzee wa mbata, ili pasiwe na wa kumnyooshea mwenzake kidole. Nilieleza kina cha shimo, nilieleza wasichanganye na majani ya juu. Habari ya chombo cha kutilia udongo haikunijia kichwani hata kidogo. Chuoni udongo ulitiwa katika mifuko maalumu, nami nilidhani ulizaliwa humo.

Mafungu yote mawili yalifika nikiwa sipo; kibarua aliyapokea, akayamimina kwenye sahani mbili za kituo, akarudisha vyombo. Nikayachemsha kila moja mbali na mwenzake, kwa siri, baada ya kazi za kituo kwisha mchana. Kwa kawaida, ukichemsha udongo wa mashamba yetu na kuikausha ile spiriti, unabakiwa na utando mwembamba chini ya chupa, mgumu kama mshumaa, ambao lazima uukwangue na uupime kwa mizani ya sonara. Udongo wa shangazi ulinipa mafuta ya kujaa kikombe cha kahawa, na mafuta yenyewe hayakuganda.

Nikanusa. Ilikuwa nazi, wazi kabisa, na nyuma ya nazi palikuwa na asumini, na nyuma ya asumini palikuwa na langilangi, na mbali zaidi, kama mtu anayeaga, palikuwa na ubani.

Msomaji wangu, hata wewe usiyesoma kemia umekwisha elewa. Mimi niliyeisoma sikuelewa. Nilichukua karatasi nikaanza kuwaza kwamba babu alikuwa na shamba la mchanganyiko: minazi juu, milangilangi katikati, asumini chini, na pengine kabla ya hapo, katika zama za kale, msitu wa miti ya ubani uliofika kutoka pande za Wasomali kwa sababu ya ukame mkubwa. Nilijiona tayari nikiusomea mkutano wa wataalamu habari za huo ukame mkubwa.

Kisha nikachemsha fungu la mzee wa mbata. Lilitoka shimo lile lile. Lilinipa mafuta ya rangi ya kahawia yenye harufu iliyowaondoa paka wawili wa kituo kwenye usingizi wao. Nikalikodolea macho kwa muda. Halafu, na ninayaandika haya nikiwa mtu mwenye mvi na heshima zangu, nikaongeza kwenye karatasi kwamba kabla ya ukame mkubwa Mwera palikuwa bahari.

Bwana Udongo aliingia wakati huo. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Hapa nani naoa?" akauliza. Kiswahili chake alijifunza kwa wapishi.

Nikamwonyesha mafuta. Nikamwonyesha karatasi. Aliisoma yote, mpaka kwenye bahari, bila kubadilisha uso. Alinusa chupa ya kwanza, akanusa ya pili, akaiweka ya pili mbali kidogo.

"Hii udongo nakuja ndani ya nini?" akauliza.

Basi. Akatoka, na kutoka nje ya dirisha nikasikia kitu ambacho hakuna kibarua aliyewahi kukisikia, Bwana Udongo akicheka peke yake.

Nilikwenda Ngamiani mbio kwa baiskeli. "Shangazi, ule udongo mliutia ndani ya nini?"

"Kwani umeharibika?" Akaniletea kopo lake, lile la mafuta ya nywele, ambalo yeye na marafiki zake walitilia mafuta ya nazi yaliyolazwa na maua kwa ajili ya harusi. "Nimetoa mafuta yangu yote, nimeweka udongo. Nikaufukiza ubani kidogo."

"Ubani wa nini, shangazi?"

Alinitazama kama ninayemuuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Udongo wa baba yangu unakwenda serikalini, kwa Mzungu, kusema maneno ya kweli. Niupeleke unanuka udongo?"

Fungu la mzee wa mbata, nilikuja kujua, lilisafiri ndani ya gunia la ng'onda, wale samaki wa kukaushwa juani. Yeye hakuwa na shauri kubwa na serikali.

Siku ya mapumziko nikaenda Mwera mwenyewe, kwa basi mpaka Pangani kisha kuvuka mto, na kitambaa cheupe na chupa zilizochemshwa. Nikachimba, nikaufunga udongo kama mtoto mchanga, nikaupakata njia nzima. Nikauchemsha. Safari hii nikapata kile nilichotakiwa kupata tangu mwanzo: chembe ya nta, nyeupe, ngumu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nta ya majani. Nikapima joto la kuyeyuka kwake, nikapima tena. Ilikuwa nta ya majani, na hapo ndipo elimu yangu ilipofikia ukingoni. Yawe ni majani ya mnazi, ya mwembe au ya nyasi za kuezekea, siku zile hapakuwa na mtu wa kuniambia. Bwana Udongo alitingisha kichwa. "Siku moja," akasema.

Lakini siku ya shangazi ilikuwa Jumamosi, siku aliyoipanga jumbe kukaa baraza, na Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Nilimwambia ukweli ndani ya basi. Nilidhani atalia au atanipiga. Alitazama mikonge inavyopita dirishani, akaniuliza tu, "Na yale mafuta ya kwanza, yale ya kopo langu? Umeyamwaga?"

"Hapana. Yamo humu mfukoni, hayana kazi."

"Nipe. Mafuta mazuri hayatupwi."

Nikampa chupa, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Baraza lilikaa ukumbini kwa jumbe. Watu walikuwa wamejaa mpaka uwanjani, kwa sababu habari ilikwisha enea kwamba kuna kijana kutoka mjini atakayeusemesha udongo, na wengine walikuja na mito ya kukalia. Muuza kahawa alikuwa akipita na birika lake, vikombe vikigongana. Mzee wa mbata alikuwa ameketi mbele, kanzu nyeupe, fimbo kati ya magoti, uso wa mtu asiyekumbuka kitu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na udongo wako? Haujambo?"

Watu wakacheka kabla sijafungua mdomo. Jumbe akaninyooshea mkono, nikampa kichupa chenye chembe ya nta. Akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha.

"Hii ndiyo minazi?"

"Hii ni nta, jumbe."

"Nta ya minazi?"

"Nta ya majani."

"Majani ya nini?"

Koti la sufi lilikuwa limeanza kuniunguza. "Majani," nikasema, "kwa jumla."

Mzee wa mbata akapiga fimbo chini. "Jamani! Mtoto wa watu amesomeshwa mpaka vitabu vimekwisha, ili aje atuambie Mwera kuliota majani!"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Muuza kahawa ilimbidi ashike birika kwa mikono miwili. Nilimtazama shangazi; hakuwa akicheka, alikuwa amekaza midomo, na mikono yake ilikuwa juu ya lile fundo la kanga. Niliona wazi kwamba shamba linakwenda, na kwamba linakwenda kwa ulimi wangu.

"Kaa chini, mwanangu," akaniambia kwa upole. Akasimama, akafungua fundo. "Jumbe, shimo lilichimbwa mbele yako. Udongo niliuchukua mbele yako. Huyu mjukuu wa mwenye shamba aliuchemsha kwa mikono yake, ukatoa mafuta haya. Mwanangu, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Hiyo lakini yako ni ya chuoni, tuiache huko huko." Akaizibua chupa, akaenda nayo moja kwa moja kwa mzee wa mbata. "Nusa, mtani. Watu wanasema una pua. Haya ndiyo mafuta ya nazi za baba yangu."

Mzee wa mbata aliipokea kwa vidole viwili. Akanusa mara moja, akarudisha kichwa nyuma. Akatia tone kwenye ukucha, akalisugua, akanusa tena. Uso wake ulibadilika kama wa fundi aliyeonyeshwa kazi mbovu na kuambiwa ni yake.

"Haya?" akasema. "Haya ni ya baba yako? Mtani, usiniaibishe mbele za watu! Haya ni mafuta ya nazi za Moa, nazi za mchangani, nazi nene. Hata kipofu anajua! Minazi ya baba yako ilikaa kwenye kinamo, udongo mzito wa kunata. Nazi zake zilikuwa maji matupu, mbata wake mwembamba kama ganda la kitunguu. Marehemu baba yangu alizinunua kwa kuona haya tu, tukifika nyumbani mama anatufokea! Mafuta kama haya kwenye minazi ile? Hayakutoka hata siku..."

Akanyamaza.

Vikombe vya kahawa viliacha kugongana.

"Endelea, mzee," jumbe akasema kwa heshima kubwa. "Minazi ipi?"

Mzee wa mbata alitazama chupa, akatazama fimbo yake, akamtazama shangazi. "Nasema," akaanza, "kama ingekuwepo..."

"Kama ingekuwepo, mama angewafokea?" jumbe akamuuliza.

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena Mwera wala kwingineko. Kilianzia uwanjani, kikaingia ukumbini, na wa mwisho kupatwa alikuwa mzee wa mbata mwenyewe. Alijizuia, akajizuia, mabega yakaanza kumtetemeka, akapiga paja lake kofi. "Mtani wangu huyu mwanga!" akasema, machozi yakimtoka. "Amenitegea kwa pua yangu!" Jumbe alipotamka kwamba shamba ni la shangazi, mzee hakubisha. Alinyoosha fimbo juu kuomba neno moja tu.

"Shamba achukue," akasema. "Lakini watu wote hapa wajue mafuta si ya pale."

Njiani kurudi nilimuuliza shangazi alilipanga jambo lile tangu lini. Alisema yeye ni mwanamke wa Ngamiani asiyejua kusoma, atapanga nini. Kisha akaniomba niseme tena ile habari ya udongo kutosahau, kwa sababu ilimpendeza.

Bwana Udongo nilimpa habari zote siku iliyofuata ya kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaagiza mifuko maalumu ya udongo, mingi, na tangu hapo hakuruhusu sampuli iingie maabara bila yeye kuinusa kwanza. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba sasa wanazo mashine zinazoweza kuitenganisha nta ya nyasi na nta ya miti, na kusema mvua ilinyesha vipi kabla ya mababu wa mababu zetu. Nilifurahi kwa niaba yake. Siku moja imefika, ingawa haikuwahi Jumamosi yetu.

Shangazi alipanda minazi upya. Watu wa mjini walimwambia achague mahali penye mchanga, yeye akapanda pale pale kwenye kinamo, kwenye mistari aliyoikumbuka kwa miguu. Ilipozaa mara ya kwanza nilimsindikiza. Alichukua nazi mbili, hakupeleka nyumbani wala sokoni. Alizipeleka kwa mzee wa mbata, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa shida na kuona kwa shida zaidi. Akazipasua mbele yake. Mzee akanusa, akamega kipande, akakitafuna kwa jino lililobaki, taratibu, kama hakimu.

"Maji matupu," akasema mwishowe. "Kama za baba yako."

Shangazi alinigeukia, uso umemng'aa, machozi yako karibu.

"Umesikia?" akaniambia. "Kama za baba."